Madoa ya Kanga na Magoti ya Sikudhani

Kabla kanga hajawa na doa hata moja, na kabla watu hawajajua shule ni nini, ndege walikuwa na shule yao kwenye uwanja wa mkwaju. Sogeeni basi, na mwenye chafya apige sasa hivi, maana hadithi hii ina mahali pake pa kunyamaza.

Siku hizo kanga dume alikuwa mweusi tii na kanga jike alikuwa wa kijivu, rangi ya jivu lililolala jikoni. Ulijua nani ni nani hata ukiwa ng'ambo ya bonde. Wote walitembea wima, shingo juu, kama wageni rasmi.

Mwalimu mkuu alikuwa Korongo, ndege mwenye sauti ya kukohoa na miguu mirefu iliyo wazi kuanzia kucha hadi karibu na kiuno. Miguu hiyo hakuna aliyewahi kuiuliza swali. Sheria ya sare ilikuwa moja tu, tena ya wasichana peke yao: manyoya ya chini, ambayo pale shuleni yaliitwa sketi, sharti yafunike magoti. Sababu Korongo aliitoa kila Jumatatu mstarini, kwamba goti la msichana likionekana wavulana hawauoni ubao. Kando yake alisimama kijana Mbuni, kiranja mkuu, mapaja wazi, mekundu kama nyama ya buchani, akiitikia kwa kichwa kwa huzuni kubwa.

Kupima kulikuwa hivi. Korongo alisimamisha mdomo wake ardhini kando ya mguu wa msichana. Sketi isipofika kwenye alama iliyochorwa mdomoni humo, Mbuni alichovya kijiti kwenye ndoo ya chokaa iliyochanganywa na utomvu, akambandika yule msichana tone moja mwilini. Tone lile halikutoka kwa maji wala kwa kusuguliwa. Na msichana ambaye matone yalimjaa hadi kifuani hakuruhusiwa kufanya mtihani wa kuruka. Mtihani huo ndio uliompa ndege tawi lake la kulalia. Asiyeufanya alilala chini, na huko chini usiku alipita mbweha.

Basi kulikuwa na binti wa kanga aitwaye Sikudhani. Darasani alikuwa hodari, na mabawa yake yalikuwa na nguvu kuliko ya kaka yake Mbaraka. Lakini masika yale yalikuwa na chakula kingi, kumbikumbi mpaka wa kubakiza, na Sikudhani akarefuka. Miguu ilitangulia, manyoya yakabaki pale pale. Asubuhi moja Korongo akapima, akakohoa, na tone la kwanza likabandikwa begani. Kosa lake lilikuwa kukua, na kosa hilo halina namna ya kuliacha.

Kuanzia hapo Sikudhani hakupata raha. Akiamka, kabla ya kuwaza chakula, aliyawaza magoti. Alivuta manyoya ya chini kwa mdomo mpaka mengine yakang'oka, hali ikawa mbaya zaidi. Akajifunza kutembea amekunja magoti, mgongo umepinda, kichwa kimeinama, kama mtu anayetafuta sindano. Aliposikia kikohozi popote, hata cha kuku mgonjwa, alichutama. Mwalimu akiuliza swali na yeye ana jibu, alilimeza, kwa sababu kujibu kulitaka kusimama. Na matone yaliongezeka vivyo hivyo, mgongoni, mbavuni, mapajani, yakapanda polepole kuelekea kifuani kama maji ya mafuriko ukutani.

Mbaraka, aliyekuwa amerefuka vilevile, magoti yake nje mchana kutwa, alijaribu siku moja kusema. Alimwambia mwalimu kwamba yeye ubao anauona vizuri tu, na kwamba somo pekee lililompotea ni lile ambalo dada yake alitolewa nje katikati, kwa sababu wao wawili walisomeana. Korongo alimjibu kwamba mvulana mwenye adabu hukengeuka kama wenzake, na akamsimamisha kwenye jua.

Sasa, kanga wana desturi yao. Kila siku jua likishapanda, ukoo mzima huoga vumbi pamoja, mahali pamoja, wala hakuna anayeanza kabla wote hawajafika. Sikudhani akaanza kuikwepa desturi hiyo. Alisingizia masomo, alisingizia tumbo. Ukweli ni kwamba vumbi lilifanya matone yang'ae. Siku ya kuamkia mtihani, bibi yao, Bibi Somoe, akagoma kuoga. Ukoo wote ukakaa juani, unawashwa, hakuna anayethubutu kujikuna. Kisha bibi akaenda kumtafuta mjukuu wake, akamkuta nyuma ya darasa amechutama kati ya lundo la mkaa uliosagwa, ule wa kupaka ubao, na shimo la chokaa ile ile ya utomvu.

Sikudhani alimwonyesha kifua. Ilibaki nafasi ya tone moja.

"Kesho watanipima tena, bibi," alisema. "Na nimekunja magoti mpaka hayakunjiki zaidi."

Bibi Somoe alimtazama mjukuu, akautazama mkaa, akaitazama chokaa. Alisema kwamba tangu azaliwe hajaona ukoo wao ukioga huku mmoja amebaki pembeni, na kama mtoto haendi kwenye vumbi, basi vumbi la leo ni hili. Akageuka akawaita waliobaki. Wakaja kwa mstari, wajomba, shangazi, binamu, Mbaraka mbele, wakajitupa wote kwenye mkaa, wakabingirika, wakapiga mabawa. Kisha wakaingia kwenye chokaa, matone yakaruka na kutua popote yalipopenda. Sikudhani naye akaoga katikati yao. Walipojikung'uta, mweusi hakuwa mweusi tena na wa kijivu hakuwa wa kijivu. Wote walikuwa rangi moja, madoa tele, kutoka shingoni hadi mkiani.

Asubuhi ya mtihani Sikudhani alisimama mstarini, ukoo wake wote umejipanga pamoja naye. Wazo la chokaa, ambalo jana lilimchekesha, leo aliliona la kitoto. Alijua Korongo ana macho makali. Alijua mbweha alipita jana, maana nyayo zake zilikuwa pale uwanjani, bado mbichi.

Korongo alifika, akakohoa, akatazama, akatazama tena. Mwisho akasema, "Wasichana wa kanga, hatua moja mbele."

Ukoo mzima ukapiga hatua moja mbele, pamoja na Bibi Somoe, ambaye shule hakuisoma hata siku moja.

Korongo alimsogelea aliyekuwa karibu, akasimamisha mdomo wake ardhini. "Wewe binti, goti lako liko nje. Huoni haya?"

"Naona, mwalimu," ikajibu sauti nzito ya Mbaraka. "Ila liko nje tangu masika na hujawahi kulitaja."

Hakuna aliyecheka kwa sauti. Lakini macho yote yalianza safari. Yalitoka kwenye goti la Mbaraka, yakaenda kwa Mbuni, ambaye alikuwa ameanza kuchutama taratibu huku akijifanya anatafuta kijiti chake. Kisha yakahamia kwenye miguu ya mwalimu mkuu mwenyewe, yakaipanda polepole, maana ilikuwa mirefu. Korongo naye akaitazama, kama anaiona kwa mara ya kwanza. Akakohoa. Akasema jua limepanda, mtihani uanze, na atakayeruka aruke.

Ilipofika zamu ya Sikudhani, ndipo alipogundua jambo alilolisahau kwa hofu zote zile. Ndege hawezi kuruka akiwa amekunja magoti. Sharti anyooshe miguu, ajisukume. Na Korongo alikuwa amesimama pale pale, mdomo chini.

Hapa ndipo mahali pa kunyamaza.

Sikudhani alinyoosha goti moja. Likalia kama mlango wa stoo. Akanyoosha la pili. Yakaonekana yote mawili, membamba, ya kawaida kabisa. Kisha akaruka, na ardhi, pamoja na nyayo za mbweha, ikabaki chini. Alipotua, mkwaju ulitikisika, ukwaju mmoja ukadondoka kwenye kichwa cha kiranja.

Na tangu siku hiyo kanga dume na kanga jike wana rangi moja na madoa yale yale, hata mfugaji hukuna kichwa akitaka kuwatenganisha. Korongo bado anatembea nyikani mdomo chini, anapima magoti ya nyasi. Hofu nayo haikuisha kwa mtihani mmoja: kanga wote hutembea kwa mstari, mgongo umepinda, na jani likikohoa tu hupiga kelele ukoo mzima kwa pamoja. Lakini watazameni jioni, wanapofika chini ya mti wao wa kulala. Kila mmoja husimama kidogo, hunyoosha magoti, kwanza moja, kisha la pili, bila kuangalia ni nani anamwona. Ndipo huruka.