Bati Lifuate Ukuta

Mtu mmoja alikuwa na ufunguo wa ghala la mji. Jina lake Mbaruku, naye alikuwa mwaminifu. Nalisema hili mapema ili msimtafutie wizi, maana hamtauona. Mle ghalani mlikuwa na mabati. Baraza la mji lilikuwa limeyanunua kwa ushuru wa soko, yawe ruzuku kwa watu wasio na nyumba: mnyonge asimamishe ukuta kwa jasho lake, na mji umpe cha kuezekea. Nia ilikuwa njema, na watu walishukuru.

Lakini mtunza ghala wa kwanza alikuwa mtu wa huruma nyepesi. Aliyemlilia, alimpa. Wako walioezeka, na wako walioyauza mabati kwa walanguzi na fedha yake wakainywa. Baraza lilipogundua, lilimvua ufunguo pale sokoni, mbele ya wanawe na wauza nyanya. Mbaruku alikuwepo, alimwona mzee wa watu akitafuta pa kuweka mikono yake. Siku hiyohiyo ufunguo akapewa yeye, pamoja na amri moja: bati lifuate ukuta. Ukuta ukifika kwenye lenta, pale juu ya mlango na madirisha, bati litoke. Usipofika, lisitoke. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mbaruku hakuumwa yeye, aliumwa mwenzake, lakini hofu ilimwingia vilevile na haikumtoka.

Wa kwanza kufika kwenye lenta alikuwa Kitwana, mfanyabiashara wa nafaka. Alikuwa na matofali ya kuchoma, saruji na mafundi, na ukuta wake ulipanda upesi kama mahindi ya masika. Mbaruku alikwenda na futi yake, akapima, akaona amri imetimia. Kitwana alikuwa na nyumba nyingine mbili, hilo kila mtu alilijua, lakini amri ilisema ukuta, haikusema mtu. Mabati yakatoka. Kitwana akaezeka safu ya vyumba vya kupangisha, na kodi akaipanga kama alivyopenda.

Katika chumba kimojawapo alikaa mwanamke aitwaye Nyamizi, pamoja na mama yake mzee mwenye kifua kibovu. Nyamizi alikuwa muuza mihogo ya kuchemsha. Kwa hiyo alilala chini ya mabati ya mji, akayalipia kila mwezi. Alikuwa na kiwanja kidogo ukingoni mwa mji, na kila kiangazi alifyatua matofali ya udongo mabichi, maana kuni za kuyachoma hakuwa nazo. Sasa ukuta wa tofali bichi haukimbizwi. Ukipandisha kozi, yaani mstari wa matofali, juu ya kozi ambayo haijakauka, unavimba tumbo na kulala. Tena ukinyeshewa kabla haujaezekwa, unakunywa maji na kurudi kuwa tope. Ndivyo ilivyokuwa kwa Nyamizi mwaka hata mwaka: mvua ilimkuta hajafika kwenye lenta, na kiangazi kilichofuata alilikanyaga tope lilelile akafyatua upya. Watu walianza kumtania kwamba anaujua udongo ule kuliko anavyowajua ndugu zake. Alicheka nao, kwa kuwa angefanya nini.

Mwaka huo hakucheka. Kitwana alikuwa amemwambia kwamba mvua ya kwanza ikidondoka, chumba akiache, amepata mpangaji wa bei nzuri zaidi. Nyamizi akajenga kama mtu anayefukuzwa. Majirani walimsaidia kubeba maji na kukanyaga udongo, na mama yake aliketi kivulini akiyageuza matofali yakauke pande zote. Mawingu yalipoanza kujipanga upande wa mashariki, ukuta ulikuwa umepungukiwa kozi chache tu, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole.

Nyamizi akaenda ghalani. Mbaruku akaja naye kiwanjani, akanyoosha futi, akapima mara ya kwanza, akapima tena. Aliomba moyoni ukuta urefuke, kwa maana alimhurumia mwanamke yule kweli kweli. Haukurefuka. Akamwambia dada, fanya upesi, zimebaki kidogo. Nyamizi akamweleza kwamba kozi ya juu bado mbichi, akiongeza nyingine ukuta mzima utalala. Akamwomba mabati ya kuazima tu, ayalaze juu ya ukuta hadi mvua ipite, kisha ayarudishe. Mbaruku akajibu kwamba amri haikutaja kuazima. Ndipo Nyamizi akamtazama usoni.

“Bwana Mbaruku,” alisema, “ukuta wangu unangoja bati lako, na bati lako linangoja ukuta wangu. Lakini mwenye ufunguo ni mmoja.”

Mbaruku alisema atawauliza wazee wa baraza, nao wangekaa kikao juma lijalo. Alirudi ghalani akijiambia kwamba juma si mbali.

Mvua haikungoja kikao. Ilianza kesho yake mchana, matone makubwa ya kuhesabika, na Mbaruku aliyasikia yakigonga paa la ghala juu ya kichwa chake. Mabati yalikuwa yamelala pande zote, makavu. Akainuka, akatia ufunguo kwenye kufuli la mnyororo uliofunga rundo la mbele, akaufungua. Halafu akamkumbuka yule mzee sokoni na mikono yake, akaufunga. Mvua ikaongezeka. Akaenda mlangoni, akarudi. Akamwona Nyamizi kwa akili yake, akamwona mzee, tena Nyamizi, tena mzee. Mwishowe akafungua kufuli, akajitwika mabati kadiri kichwa kilivyoweza kubeba, akatoka mbio kwenye mvua huku akiteleza.

Alipofika, majirani walikuwa wamepanda juu ya magogo, wanashikilia nyasi na turubai kuukuu juu ya ukuta. Ukuta wa mbele ukaketi mbele ya macho yao, polepole, kama mtu aliyechoka. Zile za ubavuni zikaufuata. Ikabaki fremu ya mlango, imesimama peke yake. Nyamizi aliyaangalia mabati kichwani mwa Mbaruku. Mbaruku naye akatazama palipokuwa na ukuta. Sasa hapakuwa na ukuta hata wa kupimwa, na amri aliijua. Akageuka, akayarudisha mabati ghalani.

Jioni ile Kitwana alikitaka chumba chake, akakipata. Nyamizi akamhamishia mama yake sokoni, chini ya meza ya wauza samaki, mahali palipovuja kidogo kuliko kwingine.

Mwisho wa mwaka baraza lilikuja kukagua ghala. Mabati ya chini yalikuwa yamepata unyevu na kuota ukungu mweupe, mengine yameanza kutoboka, lakini hakuna hata moja lililokosekana. Wazee walifurahi mno. Walimsimamisha Mbaruku pale pale sokoni alipovuliwa ufunguo mwenzake, wakamvika kanzu mpya, wakasema huyu ndiye mtunzaji, wakamwongezea muda na kumkabidhi ufunguo upya. Watu wakapiga makofi. Makofi yalipotulia, kutoka chini ya meza ya samaki kilisikika kikohozi cha mwanamke mzee, kikavu, kisichokwisha. Mbaruku alikisikia. Akainamisha kichwa, akashukuru, akaupokea ufunguo kwa mikono miwili.

Kesho yake wapita njia walimwona Nyamizi kiwanjani, sketi imefungwa magotini, anakanyaga tope lilelile.

Basi ninyi mlioketi hapa na funguo viunoni, niambieni. Mbaruku hakuiba hata bati moja. Mama yake Nyamizi ameibiwa na nani?