Kompyuta Tulizoziota

Ya kesho haiandiki ya leo. Ndivyo mlivyomsikia yule mama muuza mabati jana sokoni akimwambia mwenzake aliyetaka kungoja mabati mapya ya mwezi ujao, nanyi mkaja mbio kuniuliza, bibi, bati linaandika nini? Bati haliandiki kitu, wajukuu zangu. Neno hilo lilizaliwa hapa hapa Kwamzindu, asubuhi moja ya ukungu, juu ya yale mawe yaliyo nyuma ya ghala la iliki. Mimi nilikuwepo, na nilikuwa mmoja wa waliokosea. Kaeni niwaeleze.

Enzi hizo ukungu wa huku ulikuwa mzito kuliko huu wa leo. Uliingia nyumbani kama mgeni asiyebisha hodi, ukakaa, ukaondoka saa nne akipenda Mwenyezi Mungu. Iliki ikianikwa ghalani, harufu yake ilichanganyika na ule ukungu, na mtu akitembea njiani alijiona kama anatembea ndani ya kikombe cha chai. Watu wa mahali kama hapo huota sana. Sijui ni baridi au ni ile harufu, lakini kwetu hapakuwa na mtu aliyelala bila kuota.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya kulalia. Jambo kubwa halikuamuliwa siku lilipozungumzwa. Mlilizungumza alasiri, mkaenda kulala nalo, na asubuhi kabla ya mtu kutia kitu kinywani mkakutana kwenye mawe, kila mwenye nyumba akasimulia alichoota. Ndoto zikienda upande mmoja, jambo limepita. Zikisema ngoja, mnangoja. Tulichimba kisima kwa kulalia, tukachagua mahali pa shule kwa kulalia, na hatukuwahi kujuta. Vijana wasio na nyumba zao hawakukaa kwenye mawe. Ndoto zao, wazee walisema, bado ni za kucheza.

Basi umeme ukafika. Mwaka uliofuata wana kikundi cha iliki tukakubaliana kununua kompyuta mbili na printa, tuziweke kwenye kile chumba kidogo kando ya ghala. Msidhani ilikuwa anasa. Kila karatasi ya kupigwa chapa ilibidi ishuke mjini: ombi la dawa za zahanati, barua ya mnunuzi, fomu ya mtoto wa shule. Unatoka alfajiri, unarudi jioni umeloa, na ukifungua bahasha unakuta Kwamzindu wameiandika Kwamzungu.

Fedha zilikuwepo, na mtu wa kuzitumia hizo mashine alikuwepo pia. Aliitwa Mkunde, binti pekee wa Mama Mkunde aliyekaa pale penye mchongoma. Baba yake alikufa yeye angali mgongoni. Mwenyekiti wetu, Mzee Shemweta, alimwambia mbele ya watu wote, "Nenda Tanga kasome hizo kompyuta. Ukirudi, chumba chako kitakuwa tayari." Mkunde akaenda, akasoma mwaka na nusu, akarudi na cheti. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa, kina meza mbili na viti viwili. Juu ya meza hamna kitu.

Tukaitana alasiri tuamue tununue zipi. Zilizokuwa dukani mjini zilikuwa zile za kisogo, mnazicheka mkiziona kwenye picha. Kioo mbele, na nyuma kisogo kikubwa kama gunia la viazi. Tulikuwa karibu kukubaliana, ndipo Hozza akasimama. Hozza alikuwa na pikapu ya kupeleka mboga mjini, kwa hiyo habari zote za dunia zilipanda mlima pamoja naye. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kuzungumza wa mwisho.

"Jamani, mimi sisemi msinunue," akasema. "Nasema nilichosikia. Kuna nyingine zinakuja. Bapa. Nyembamba kama chapati, hazina kisogo hata kidogo. Mwenye duka mwenyewe kaniambia, mwezi ujao, au ukichelewa sana ule mwingine. Sasa sisi tubebe visogo mlimani, halafu mwezi ujao watu watucheke?"

Tukaenda kulala na maneno hayo. Mnajua, neno la mwisho kusikiwa ndilo huotwa.

Asubuhi, kwenye mawe, ukungu umetufunika hadi magotini, tukasimulia. Mmoja aliota kompyuta nyembamba kama jani la mgomba inaelea juu ya bonde, maandishi yanadondoka kama umande. Mwingine aliota ameikunja akaitia kwenye upindo wa kanga, akaenda nayo shamba. Mzee Shemweta alisikiliza wote, akafuta miwani yake, akasema, "Iko njiani. Tungoje."

Tukangoja. Mwezi ukapita, na ule mwingine. Hozza akirudi kutoka mjini tunamuuliza, naye anasema bado kidogo. Mwaka ulipogeuka tukaitana tena, na safari hii Hozza alikuwa na jipya: hizo bapa zenyewe zimeshapitwa kabla hazijafika, zinakuja nyingine zisizotaka waya. Tukalala, tukaota. Lo, zile ndoto zilikuwa tamu. Mama Sechonge aliota mashine inampigia barua kwa sauti ya marehemu mumewe, akatusimulia huku machozi yanamtoka na anatabasamu. Nani angethubutu kumwambia anunue ya kisogo?

Muda wote huo Mkunde alikuwa anangoja. Alichukua ubao, akachora juu yake herufi kwa mkaa kama zilivyopangwa kwenye vibonyezo vya kompyuta, akawa anauweka mapajani barazani na kuupiga vidole ili mikono isisahau. Watoto walijaa kumtazama, na baadaye wakubwa. Mimi nilipita siku moja na kikapu cha mboga, nikamwona anapiga, macho kayafumba.

"Unaandika nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Barua ya mnunuzi wa iliki, Mama Hiza. Ile mliyoipeleka mjini jana."

"Mbona huangalii?"

"Niangalie nini? Hakuna kilichoandikwa." Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema polepole, "Mama Hiza, na wewe unakaa kwenye mawe. Mbona hakuna anayeniuliza mimi niliyesoma? Ningewaambia. Kompyuta mpya hazitaacha kuja hata siku moja. Ukisubiri ya mwisho, hutanunua."

Nikamwambia, "Ngoja uolewe, utakaa kwenye mawe." Ndivyo nilivyomjibu. Nilidhani nimesema neno la busara.

Mwaka wa pili ulipokuwa unaisha, mwalimu wake wa Tanga akampelekea habari. Kiwanda kimoja cha chai huko Mufindi kilitaka mchapaji. Kazi ya mkataba, miaka mitatu, ajibu kabla mwezi haujaisha au wachukue mwingine. Mufindi, kutoka hapa, ni kama mwezini. Mama Mkunde alikuja mwenyewe kwa Mzee Shemweta, mama mkimya yule, hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Akasema, "Mwenyekiti, mtoto hataki kwenda. Anataka kile chumba. Lakini hawezi kungoja tena, na mimi sina mwingine." Mzee Shemweta akaahidi, tukaitwa kikao cha tatu.

Nanyi mnajua nani alisimama mwisho.

"Nasema tu nilichosikia," akasema Hozza. "Zinazokuja sasa zinasikia. Unakaa mbele yake unasema, yenyewe inaandika. Hata Kisambaa inasikia. Mwezi ujao."

"Hozza, na hiyo nayo itapalilia?" akauliza Mama Mkunde.

Watu wakacheka, lakini tukaenda kulala nalo.

Sasa nikiri. Ndoto ya kwanza asubuhi ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeota nimekaa chumbani mbele ya kioo chembamba kama maji, nje ukungu, na ninazungumza tu. Nikamwambia dada yangu aliyeolewa Pemba mambo ambayo sikuwahi kuweza kuyaandika kwa sababu shule yangu iliishia darasa la saba na mwandiko wangu mnaujua wenyewe. Maneno yote yalikuwa yanatokea kwenye kile kioo, yameandikwa vizuri, na kioo kilinuka iliki. Niliisimulia kwa raha. Nilisema hata rangi ya kanga niliyovaa. Wenzangu wakawa wanaitikia kwa vichwa, wengine wamefumba macho, na aliyenifuata naye akaanza yake, na wa tatu. Ilikuwa kama sote tumo ndani ya ndoto moja, hakuna aliyetaka kuamka.

Zamu ikamfikia Mama Mkunde.

"Mimi sikuota," akasema.

"Huota kila mtu," akasema Mzee Shemweta. "Kumbuka vizuri."

"Sikuota kwa sababu sikulala. Jana jioni nilimkuta Mkunde anaandika barua. Nikamuuliza, ya nani hii? Akasema, ya Mufindi, mama, nawajibu kwamba nakuja. Ameiandika kwa kalamu. Mtoto mwenye cheti cha kuchapa, ameandika kwa mkono kama mimi, kwenye karatasi ya daftari." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililotutia baridi. "Ninyi mnaota mashine ya kesho. Ni nzuri, nimeisikia, hata mimi ningeitaka. Lakini barua zilikuwa za leo. Ya kesho haiandiki ya leo. Ya leo imeandikwa na mwanangu, na inaniacha peke yangu."

Nilikuwa ningali na utamu wa ndoto mdomoni. Ukageuka shubiri.

Hozza akakohoa. "Mama Mkunde, mimi nimeambiwa mwezi ujao tu..."

"Hozza," akasema Mzee Shemweta, "hilo lisemee ndani ya pikapu. Washa, tunashuka."

"Bila kulalia, Mwenyekiti?" akauliza mtu.

"Tumelalia miaka miwili. Huo usingizi au ugonjwa?"

Wakashuka asubuhi ile ile, Mzee Shemweta, Hozza na Mama Mkunde, hawajala kitu. Zile tulizoziona mwaka wa kwanza zilikuwa zimeshauzwa, wakapata za aina ile ile, kisogo kile kile. Mzee Shemweta alimuuliza mwenye duka, "Na zile bapa?" Mwenye duka akajibu, "Zinakuja, mzee. Mwezi ujao." Hozza akatazama viatu vyake, na njia nzima ya kurudi hakuzungumza, jambo ambalo Mama Mkunde alilisimulia kwa miaka.

Walifika alasiri, kompyuta zimefungwa kwenye magodoro ili zisigongane. Mkunde aliitwa. Alisimama mlangoni mwa kile chumba, akaziangalia, akaweka mkono juu ya kisogo cha moja kama mtu anayempima mtoto homa.

"Barua iko wapi?" mama yake akamuuliza.

"Imeshashuka, mama. Nilimpa dereva wa gari la maziwa asubuhi, ninyi mkiwa kwenye mawe."

Mzee Shemweta alianza kusema kwamba waandike nyingine ya kukataa, na mashine si hizi hapa. Mkunde akatikisa kichwa. "Nimeshawapa neno, babu. Watamwacha mwingine kwa ajili yangu. Nina siku kumi na moja. Nani anataka kujifunza?"

Siku kumi na moja, wajukuu zangu. Tungenunua siku ile ya kwanza, tungekuwa naye miaka miwili, na pengine mpaka leo. Katika siku hizo alifundisha watu watano, kuanzia asubuhi hadi mikono inapokufa ganzi. Mimi nilikuwa wa nne. Wa tano alikuwa mama yake, na ndiye alikuwa mgumu kuliko sote. Alitafuta kila herufi kama anayetafuta sindano sakafuni, akiipata anaibonyeza kwa nguvu na kuondoa kidole haraka isije ikamng'ata. "Taratibu, mama, haikimbii," Mkunde alimwambia. Naye akajibu, "Unayekimbia ni wewe."

Siku ya kumi na mbili Mkunde aliondoka na pikapu ya Hozza. Ukungu ulikuwa mzito hata gari lilipotea kabla ya kufika kona, tukabaki tunasikia tu mngurumo wake unashuka, unashuka, kisha hata huo haukusikika.

Alikaa Mufindi, akaolewa huko, ana watoto wakubwa sasa. Huja sikukuu. Na zile kompyuta bapa zilikuja kweli, Hozza hakuwa mwongo. Zilifika mjini miaka minne baadaye, wakati zetu za kisogo zimeshaandika barua ambazo hatukuzihesabu. Desturi ya kulalia hatukuiacha. Tulibadili moja tu: anayejua kazi huitwa kwenye mawe kwanza, awe na nyumba au asiwe nayo.

Lakini nawaambia ya siku ya kumi na tatu. Mama Mkunde alikuja chumbani peke yake, akaketi, akawasha kama alivyofundishwa. Nilikuwa kwenye meza ya pili. Alichapa tangu asubuhi hadi adhuhuri, hakutaka msaada. Printa ilipotoa karatasi, akanipa niisome asije akawa amekosea. Ilikuwa na mistari mitatu.

Mkunde mwanangu. Mimi ni mzima na mbuzi amezaa. Nimeandika mwenyewe, usicheke.

Nikamwambia haina kosa. Akaikunja, akasimama mlangoni akitazama njia ya kushukia mjini, kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, yale maneno aliyoyasema kwenye mawe. Tangu hapo yakawa yetu sote, ya wenye kompyuta na ya wenye mabati.

Ya kesho haiandiki ya leo.