Chumvi ya Kilima cha Sungura

Mwaka huo mvua iligoma, na wanyama wakalamba udongo wa chumvi kule bondeni mpaka wakabaki kulamba mawe. Ndipo Sungura aliposhuka mbio kutoka kilimani, mwanzi mrefu begani.

"Nimetoboa ardhi, nimeifikia! Simba mkuu, onja ncha hii wewe kwanza, hawa wengine hawana ulimi wa kifalme."

Simba, ambaye ukimsifu atameza hata kaa la moto, akalamba, akafumba macho. "Chumvi safi," akanguruma.

Basi! Nani tena aulize shimo lina kina gani? Sungura akaanza kuuza hisa za chumvi iliyo bado chini: mwiba mmoja wa nungunungu ni hisa moja, kwa kibuyu cha nafaka. Kufika jioni miiba inauzwa na kuuzwa tena, Ngiri kwa Nyani, Nyani kwa Fisi, bei inapanda tu, na mwanzi haujarudi shimoni hata mara moja.

Mama Kanga hata chumvi hali. Lakini ana vifaranga, ana kibuyu kimoja cha mtama, cha mwisho, akawaza, je, kikizaa viwili, kikizaa vinne? Akakitoa, akapewa mwiba.

Kesho yake Nyani akamwambia, "Mama, chukua vibuyu viwili, niachie huo mwiba."

"Viwili? Umeniona mjinga? Bei bado inapanda."

"Mama, njaa," vifaranga wakalia.

"Nyamazeni, tunatajirika!"

Fisi, mwenye rundo la miiba, alishindwa kungoja. Alijitosa shimoni kichwakichwa ili alambe peke yake, akatoka anatema mate.

"Shimo lenyewe limenifika mabegani tu! Chumvi gani? Humo chini umetuama mkojo tu! Sungura alichovya mwanzi kwenye mkojo wake!"

Macho yote yakaenda kwenye ulimi wa Simba.

"Mkuu," Nyani akauliza kwa adabu, "si ulisema safi?"

Mama Kanga hakungoja jibu. Alikimbilia pango la Sungura, akakuta kibuyu chake kitupu, akaparua makapi kwa kucha mpaka zikapatikana punje chache, na vifaranga wakazigombania.

Simba alimburuta Sungura kwa masikio, akamtupa shimoni.

"Chimba."

"Mkuu, huku hakuna kitu!"

"Najua. Chimba."

Mchimba kisima huingia mwenyewe.