Shukrani za Mlangoni kwa Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi hizo fisi alikuwa na mlango wa mbao na kiboko akivaa kofia kwenda mkutanoni, paliishi Bi Nguchiro. Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, ukiendelea kumchokoza mwenzio nitaanza upya, na mwanzo huu nimeusema vizuri, sitaki kuurudia.

Nguchiro mnamjua. Ni kanyama kembamba, kana pua ndefu na mkia wa kuburuza, hata magotini kwa mbwa hakafiki. Basi Bi Nguchiro na mumewe walikuwa na watoto. Nasema watoto. Asubuhi wamejaa uani, mchana wamejaa shambani, na jioni wakirudi kwa mstari, wa mbele ameshanawa miguu na wa mwisho bado yuko bondeni.

Tena walikuwa watu wa dini, dini hasa. Mabinti walijifunika, wavulana hawakukanyaga ngomani, na siku ya kupumzika hakuna aliyegusa jembe. Lakini desturi yao kubwa ilikuwa ya jioni. Chakula kikishapakuliwa kwenye sinia, mlango unafunguliwa wazi, mtoto mmoja anasimama kizingitini na kushukuru kwa sauti kubwa. Wala hashukuru juujuu. Anamshukuru Muumba, kisha anataja njia yote chakula kiliyopitia: "Tunashukuru kwa kunde hizi, alizozipanda baba, Faraja akazipalilia, Riziki akazichuma, Tunu akateka maji, mama akapika." Akisahau mtu, anaanza tena.

Na kwa nini mlangoni? Ili jirani mwenye njaa asikie, ajue kwa Nguchiro kuna chakula, aje ale.

Majirani hawakuwa wakija. Walikuwa na maoni.

"Hivi wale watoto, hata majina yao mama yao anayajua?" Nyani aliuliza siku moja kwenye chemchemi, watu wakisubiri zamu ya kuteka maji.

"Maskini, amechakaa yule," alisema Pundamilia. "Mumewe ndiye anayemlazimisha."

"Thubutu. Yeye ndiye anayempelekesha mumewe," alisema Fisi. "Na zile shukrani zao! Chakula kinapoa mpaka kinaota ngozi, wao bado wanashukuru."

"Mimi lakini siwasemi vibaya," Pundamilia akaongeza upesi. "Watoto wana adabu, wanakuamkia mpaka unachoka kuitikia. Ila mimi binafsi, siwezi."

Bi Nguchiro alikuwa amesimama nyuma ya Pundamilia na ndoo yake. Mfupi, nani atamwona? Aliyasikia yote na yakamuuma. Ni kweli alichoka. Siku nyingine alijificha nyuma ya tanuri la mkate, si kwa kazi, ila apate kukaa peke yake kidogo. Lakini wale watoto aliwapenda mmoja mmoja, kila mmoja kwa tabia yake, na katika wote waliojua mambo ya nyumba yake hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hali.

Sasa, maneno hayo yangebaki maneno. Lakini mwaka ule vitu vilianza kupotea. Korongo alianika samaki kwenye kamba, akirudi anakuta kamba tupu. Mahindi ya Pundamilia yalivunjwa mabichi shambani. Na chemchemi, ile waliyokunywa wote, kila alasiri ilikuwa tope tupu.

Hakuna aliyechunguza. Kuchunguza nini? Nani mwenye midomo mingi? Nani mwenye miguu mingi ya kuvuruga maji?

Kiboko, mwenyekiti wao, akavaa kofia akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," alisema, "hatumchukii mtu. Lakini nyumba ile imezidi. Nimeamua, yaani, tumeamua, Bi Nguchiro abaki na watoto wachache tu. Wengine tutaanza kuwagawa leo kwa majirani, wakalelewe huko na kusaidia kazi. Asipotaka, wahamie wote Kilima cha Mawe."

Kilima cha Mawe hakikuwa na tone la maji. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu aliangalia chini.

Mzee Nguchiro alisimama ajibu, Kiboko akamwashiria kwa kofia, akakaa. Bi Nguchiro naye akapima maneno. Aliona wazi kwamba akilia watamhurumia na watoto watawachukua vilevile, na akiwatukana watamfukuza kabla jua halijazama. Basi akacheka kidogo.

"Mwenyekiti, kumbe mmenifikiria hivi na mimi sijui," alisema. "Ahsanteni. Nani ananisaidia?"

Fisi akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Alikuwa anawaza kuni zake zitaletwa na nani. Nyani akafuata, kisha Kiboko mwenyewe. Mwishoni kabisa, polepole, ukanyooka mkono mmoja wenye mikunjo wa Bi Kobe, mjane aliyekaa peke yake kule bondeni.

"Wanne kwa kuanzia," alisema Bi Nguchiro. "Nina ombi moja dogo. Mkutano ujao, kila aliyechukua mtoto asimame hapa mbele ya watu, aseme anakaa naye au anamrudisha, na sababu yake. Wakirudishwa wote, maneno juu ya nyumba yangu yaishe."

"Na tusipowarudisha?" aliuliza Fisi.

Bi Nguchiro akamgeukia. "Basi watakuwa wenu, na mtakuja kuchukua wengine."

Kiboko alicheka mpaka kofia ikamwangukia puani. "Imepita," akasema.

Nyumbani, Mzee Nguchiro alishika kichwa. "Mama Shukuru, umewagawa wanangu kwa kinywa chako mwenyewe?"

"Baba Shukuru, samaki wa Korongo hawakuota mabawa," alisema mkewe. "Waliingia nyumba ya mtu. Mimi nyumba za watu siwezi kuingia. Watoto wameshafunguliwa mlango."

Akawaita wale wanne, Shukuru, Riziki, Tunu na mdogo wao Salama. "Huko mwendako, fagieni, tekeni maji, waamkieni wakubwa. Na jioni msiache desturi ya kwetu. Mlangoni, kwa sauti, njia yote bila kuruka kitu."

"Hata kama wenye nyumba hawashukuru, mama?" aliuliza Tunu.

"Hapo ndipo useme vizuri zaidi."

Aliwatazama wakienda, kila mmoja na kifurushi chake. Jioni ile sinia ilikuwa na nafasi nne wazi, na Bi Nguchiro hakuweza kumeza hata tonge moja. Alijiuliza kama amefanya akili au wazimu.

Haya, twende kwa Fisi. Fisi kaingia na gunia, pu, chini. "Kaanga hawa upesi," akamwambia Shukuru, akafunga mlango, kwaa. Samaki walipoiva na kupakuliwa, mate ya Fisi yalikuwa yanachuruzika kama bomba bovu. Shukuru akaenda akafungua mlango.

"Unafanya nini?"

"Nashukuru, baba."

"Shukuru moyoni."

"Ya moyoni jirani mwenye njaa hayasikii, baba. Hawa samaki wametoka wapi?"

"Sokoni."

"Leo soko halikufunguliwa. Na ule uzi wa mkiani mwao una fundo la Bwana Korongo, alilifunga nikimwona."

"Sema basi ulivyoona, tule!" Njaa ilikuwa imeshamtoa Fisi akili.

Shukuru akajaza kifua. "Tunakushukuru Muumba kwa samaki hawa. Waliovuliwa na Bwana Korongo, wakapasuliwa na Bwana Korongo, wakaanikwa na Bwana Korongo, wakatolewa kambani na baba Fisi, wakaja ndani ya gunia, nami nikawakaanga. Mwenye njaa na aje."

Fisi akavuta sinia. Kisha nje pakasikika, "Hodi."

Alikuwa Korongo. "Nimesikia shukrani," alisema. Akakaa kitako, akala samaki wale mmoja mmoja mpaka mkia wa mwisho, macho yake hayakutoka usoni kwa Fisi. Tangu siku hiyo Fisi alikula mchicha aliouchuma mwenyewe, na hata huo Shukuru aliutangaza.

Nyani alikuwa mjanja kidogo. Alipopata habari za Fisi, akasema yeye na Riziki watakula mahindi ya kuchoma juu ya mti, huko hakuna mlango. Riziki, aliyekuwa amembebea kapu kutoka shambani, akapanda hadi tawi la juu kabisa, akashukuru kutoka huko. Shambani kwa Pundamilia walisikia kila neno, pamoja na tuta yalikovunjwa yale mahindi. Msimcheke Nyani. Nanyi mngefanya hivyo hivyo.

Ama Kiboko, yeye hakuwa na wizi, alikuwa na joto. Saa sita mchana, wengine wamelala, alimchukua Tunu amshikie kofia na taulo, wakaenda chemchemini. Chubwi! Kajitupa ndani, kajigaragaza, kasugua mgongo kwenye mawe huku akiimba. Maji yakawa rangi ya udongo. Tunu akasubiri, kisha akateka ya uji kama alivyoagizwa.

Jioni, majirani wakipanga foleni ya maji pale chemchemini, sauti ya Tunu ikatoka mlangoni kwa Mwenyekiti, hatua chache tu kutoka hapo.

"Tunakushukuru Muumba kwa uji huu, na mtama alioulima mama Kiboko, na maji ya chemchemi, aliyoyaoga Mwenyekiti kwanza, akasugua mgongo na kwapa zote mbili, nami nikayateka baadaye. Mwenye njaa na aje."

Foleni nzima ikageuka. Pundamilia akainamisha ndoo yake, mwaa, akamwaga. Wa nyuma yake akamwaga. Waliokuwa wameshakunywa wakabaki wanatemea pembeni.

Siku ya mkutano, Bi Nguchiro alifika mapema. Habari alizipata, lakini habari si mtoto mkononi. Fisi akiona haya, je, hawezi kung'ang'ania kwa hasira tu?

Fisi akasimama, Shukuru kamshika mkono. "Namrudisha," alisema.

"Sababu, Bwana Fisi?" aliuliza Bi Nguchiro kwa upole.

"Mtoto mzuri. Anafagia, anaamkia." Fisi akajikuna shingo. "Ila anashukuru sana."

Watu wakaangua kicheko. Nyani akasimama, akamsukuma Riziki mbele. "Na huyu anashukuru sana," akasema, akakaa haraka.

Kiboko akavua kofia. "Mkutano umefungwa."

"Bado, Mwenyekiti," alisema Korongo. "Sababu."

Kiboko akanong'ona kwenye kofia yake, "Anashukuru sana." Tunu alikuwa ameshafika kwa mama yake.

Wakabaki wanamtazama Bi Kobe. Salama alikuwa amekaa juu ya gamba lake, miguu inaning'inia. Bi Kobe hakuiba, hakuchafua. Bi Kobe hakuwa na sababu yoyote ya kumrudisha.

"Mimi nilinyoosha mkono kwa upweke tu," alisema Bi Kobe, polepole kama kawaida yake. "Miaka mingi nakula peke yangu. Juzi huyu mtoto akasimama mlangoni kwangu akasema, tunashukuru kwa mlenda alioupika bibi Kobe. Wanangu, jina langu sikulisikia likitajwa kwa wema tangu mume wangu afariki. Ningependa kukaa naye. Namrudisha kwa sababu akisinzia anamwita mama yake."

Akamshusha Salama. Kisha akainua kile kishingo chake, akamtazama Bi Nguchiro usoni. "Na wewe, mwanangu, u hali gani?"

Bi Nguchiro, aliyekuwa amesimama imara mbele ya Fisi, Nyani na Kiboko, hapo akalia. "Nimechoka, bibi," alisema.

"Najua. Jioni nitakuja nikusaidie kuwashika hawa wadogo, wewe ukae."

Pundamilia alikuwa wa kwanza kuinuka. "Na mimi nitaleta mahindi," alisema, "yale yaliyobaki." Akakohoa. "Na Bi Nguchiro, utanisamehe."

Jioni ile sinia ilijaa. Mlango ukafunguliwa, na Shukuru akashukuru njia yote: mahindi ya Pundamilia, samaki wa Korongo, mikono ya Bi Kobe, na mama aliyekaa leo bila kupika. Aliposema mwenye njaa na aje, kichaka cha nje kikatikisika.

"Karibu, Bwana Fisi," aliita Bi Nguchiro. "Nawa mikono."

Fisi akaingia akiona haya, akakaa, akanyoosha mkono kwenye sinia. Faraja akamshika kiganja. Shukuru alikuwa amemsahau aliyeleta chumvi, kwa hiyo anaanza tena.

Basi wanangu, nyumba ya mwenzio usiihukumu kwa wingi wa watu wake, iangalie kwa matendo yao. Mimi nimemaliza, na jikoni nasikia wameshapakua. Nani leo anakwenda mlangoni?