Pipa Lililokutwa Limejaa

Ndugu zangu, kabla sijaendelea na habari ya nia, ngojeni niwape mfano, maana nia ni neno tunalolitamka haraka sana.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa msikitini kwelikweli. Pampu ya kijiji chao iliharibika, maji yakawa hayapatikani ila kisimani, mwendo wa saa nzima. Bwana huyu akajitolea. Kila Ijumaa alifunga madumu manne kwenye baiskeli, akaisukuma kilimani jasho likimtiririka, akajaza pipa la kutawadhia. Kazi nzito hiyo, tusimdhulumu.

Ila alikuwa na saa yake. Hakuwahi wala hakuchelewa. Alifika pale watu wanapoanza kukusanyika, wamkute anamimina. "Allah akulipe, mzee wetu," wanamwambia. Naye anainamisha kichwa kana kwamba hakusikia, na moyoni kasikia yote. Mgongo wenyewe ulikuwa unaacha kumuuma.

Ijumaa moja akafika, akafunua pipa. Limejaa hadi ukingoni.

"Nani kaleta?" akamuuliza muadhini.

"Kuna mtu alikuja baada ya sala ya alfajiri. Kaniomba nisimtaje."

"Nitajie mimi tu."

"Kaniomba, bwana. We shukuru, leo umepumzishwa. Hayo yako mpelekee yule mama wa nyumba ya pili, aliyevunjika mguu. Tangu juzi hana wa kumtekea."

"Haya, nitampelekea."

Muadhini akaingia ndani kutandika mikeka. Bwana wetu akabaki uani na baiskeli yake. Mnadhani alifurahi? Maji si yapo? Watu si watatawadha? Kilichomleta kimeshatimia, na juu yake anayo ya kumsitiri mgonjwa. Lakini moyo ulimchoma. Aliumia, ndugu zangu, kama mtu aliyeibiwa. Akatazama njiani, akaona kanzu za kwanza zinapanda kilima.

Akalishika pipa, akalilaza. Maji yote yale yakaingia mchangani. Kisha akalisimamisha, akafungua dumu la kwanza, akaanza kumimina taratibu.

"Allah akulipe, mzee wetu," wakasema waliofika.

"Amin," akajibu.

Watu wakatawadha, sala ikasaliwa, hakuna aliyejua. Yule mama akashinda na ndoo tupu.

Naona mnatikisa vichwa. Mtu mzima kumwaga maji katika dhiki ya maji! Haya, na sisi je? Wewe, mwenzako akikutangulia kuleta futari hapa msikitini, unasema alhamdulillahi, au unaonja utafute chumvi imezidi wapi? Ijumaa iliyopita nilisoma majina ya waliofyeka makaburini, nikaruka jina moja. Kuna mtu alinisubiri mlangoni. Simtaji, anajijua. Tunasema tunataka kazi ya Mwenyezi Mungu ifanyike. Basi ikishafanywa na mkono wa mwingine, tunanuna nini? Nia yako usiipime siku unayobeba. Ipime siku unayokuta mwenzako ameshabeba, na watu wanamshukuru yeye, na wewe umesimama pembeni na madumu yako.

Wala msidhani mimi nimepona kwa kuwa nimesimama juu ya mimbari. Mwezi uliopita alikuja sheikh mgeni akawatolea hotuba hapa hapa, mkalia. Watu wazima mlilia. Mimi nilikuwa safu ya mbele, macho nimeyafumba mkadhani nimezama katika mawaidha. Nilikuwa namsubiri akosee aya. Niombeeni, ndugu zangu, nami nawaombea.