Daftari la Bi Zamoyoni

"Usichokijua usikifagie." Leo mmemsikia Tausi akimwambia mdogo wake maneno hayo, nanyi mkanigeukia kuniuliza yametoka wapi. Mlidhani ni ya zama za mababu. Sivyo. Yalizaliwa hapa hapa Mlimbila, katika ofisi ya sekondari yetu, na mimi niliyekuwa mwalimu wa taaluma nilikuwepo. Methali hii ilianza hivi.

Shule ilikuwa na kompyuta moja ya mtumba. Ililetwa na kontena la misaada pamoja na pacha wake aliyepelekwa zahanati. Aliyeitunza ni Bi Zamoyoni Mkude, mtunza stoo wetu. Mama yule alikuwa mkali wa usafi! Kwake hata kipande cha chaki kilikuwa na mahali pake. Humo ndani tulikuwa tumeingiza majina na picha za watahiniwa themanini na wanne wa kidato cha nne, yapelekwe mkoani kabla ya Ijumaa jioni. Jina lisipofika, mwenye jina hafanyi mtihani.

Alhamisi mashine ikaandika kwamba nafasi imejaa. Bi Zamoyoni akavaa miwani, akaanza kuisafisha kama alivyosafisha stoo. Akakuta mafaili yenye majina ya ajabu, herufi na tarakimu tupu, bila jina la shule wala la mtu. Akayabofya, hayakufunguka. Sisi wa mitumba tunajua: ukinunua koti, mfukoni unaweza kukuta tiketi ya mtu usiyemjua. Akaamini ni masalia ya wenye mashine wa kwanza. Akafuta thelathini na moja, akamwaga na kapu la taka la humo humo kwenye mashine, akazima, akaenda zake nyumbani ameridhika.

Ijumaa asubuhi kompyuta ikagoma. Kioo cheusi, na mstari mmoja mweupe wa Kiingereza. Mwalimu Mkuu Kihwelo akatukusanya.

"Nani ameigusa?"

Mtu angeweza kuusingizia umeme, na wote tungeamini, maana umeme wetu wa siku zile ulikuwa na dhambi nyingi.

Bi Zamoyoni akasimama. "Ni mimi, Mwalimu Mkuu. Nimefuta vitu nisivyovijua."

Nilimheshimu mama yule tangu dakika ile, nasema wazi.

Fundi Thadei akaletwa kutoka mjini kwa pikipiki. Akaamkia watu, akainamia mashine, akatikisa kichwa.

"Mama, hayo uliyofuta ndiyo yaliyokuwa yanaiendesha. Usichokijua usikifagie! Sasa nikiipanga upya, na majina ya watoto yatakwenda."

"Na ukiyapata yale niliyoyafuta?"

"Pacha wake wa zahanati anayo. Lakini humo mna mafaili maelfu. Nani atajua ni yapi?"

"Mimi."

Akafungua mkoba, akatoa daftari. "Kwenye stoo yangu kitu hakitupwi bila kuandikwa. Hata ufagio uliokatika nimeuandika. Hesabu, mwanangu, ni thelathini na moja."

Thadei akasoma akiwa bado amesimama. Kila jina liliandikwa herufi kwa herufi, nukta mahali pake, na pembeni folda lilikotolewa. Alikwisha kumwamkia alipofika, lakini akavua kofia akasema tena, "Shikamoo, mama."

Akaenda zahanati na daftari lile, akanakili kwenye flashi faili moja baada ya jingine, akarudi akayapachika. Saa tisa alasiri kompyuta ikafunguka, na ofisi nzima tukapiga makofi kama watu wa harusini. Saa kumi na moja kasorobo majina yote yalikuwa yamefika mkoani. Hakuna mtoto wa Mlimbila aliyekosa mtihani mwaka ule.

Fundi alipokuwa anapanda pikipiki, akamkumbusha kwa utani: "Mama, usichokijua usikifagie."

"Nimekusikia," akajibu Bi Zamoyoni. "Lakini imalizie. Ukikifagia, kiandike."

Nimefundisha wilaya tatu baada ya hapo, na kote nimeisikia methali hii ikisemwa nusu. Nusu hiyo ni ya fundi wa mjini, na ni ya kweli. Nusu iliyookoa watoto themanini na wanne ni ya kwetu, ya mwanamke aliyekosea akasimama mbele ya watu akiwa na daftari lake. Basi ninyi wa Mlimbila msiikate. Isemeni yote, tena kwa sauti: Usichokijua usikifagie, ukikifagia, kiandike.