Pengo la Upana wa Ng'ombe Mmoja

Hapo zamani, mwaka ambao nyasi zilikauka mpaka zikawa zinalia chini ya miguu, Milembe alijifungua mtoto wa kiume. Mumewe alikuwa amehamisha ng'ombe kwenye malisho ya mbali. Kwao mtoto hakutolewa nje wala kupewa jina mpaka kitovu kidondoke.

Nyumba ilikuwa ya nyasi. Kuizunguka palikuwa na ua wa minyaa, miti ya utomvu mweupe uwashao macho, na chini ya minyaa safu ya mishubiri yenye majani manene ya maji.

Aliyeupanda ni mama mkwe wake, Bibi Nshoma. Vijiti alivitoa porini, akavibeba kichwani. Majirani walimcheka, maana wao waliweka miiba mikavu, wakamaliza ua kwa siku moja. Walimwuliza kama anafuga mbuzi au anafuga utomvu. Akawajibu kwamba chenye maji mwilini hakina haraka ya kuungua.

Aliyeutunza ni Kabula, wifi yake Milembe. Kila asubuhi aling'oa nyasi chini ya minyaa, akafagia, mpaka pakabaki udongo mtupu. Naye walimcheka, wakamwita mke wa ufagio.

Aliyeutoboa ni Shigela, jirani. Alikata minyaa upana wa ng'ombe mmoja, ili asizunguke akienda kisimani. Pengo akaliziba kwa miiba mikavu, akaahidi kupanda upya mvua ikinyesha. Mvua haikunyesha.

Siku ya nne ya mtoto, adhuhuri, moto ulitokea malishoni. Nyua za miiba zikawaka moja baada ya nyingine. Moto ukaizunguka nyumba ya Milembe pande zote, hapakuwa na pa kukimbilia. Ukafika kwenye minyaa, ukafoka, ukarudi. Ukatafuta chakula chini, ukakuta udongo. Ukatembea kando ya ua kama fisi, ukaelekea pengoni.

Shigela alikuwa amekwisha kufika hapo kabla ya moto. Aliivuta ile miiba kwa mikono mitupu, akaitupa nje. Akakata matawi ya minyaa, akayarundika pengoni, akasimama akipiga moto kwa mishubiri. Utomvu ukamrukia machoni. Hakuacha. Moto ulipozimika, alikuwa haoni.

Siku ya saba kitovu kilidondoka. Desturi ilisema hivi: mtoto aliyeponea motoni hupewa jina na aliyemponya, na huyo huwa mzazi wake wa pili, wa kutunzwa naye mpaka kufa.

Bibi Nshoma akasema, "Nilipanda nikichekwa. Kama si vijiti vyangu, leo tungezoa majivu. Jina nitatoa mimi."

Kabula akasema, "Mama, minyaa yako niliikuta imekabwa na nyasi. Ingepikwa kama kiazi. Kama si ufagio wangu, leo tungezoa majivu. Tena mimi sijazaa, na wewe umezaa."

Shigela alikuwa na kitambaa usoni. Akasema, "Shemeji Milembe, pengo lilikuwa langu, sikatai. Lakini mwenye ua alitoa vijiti, mwenye ufagio alitoa asubuhi zake. Mimi nimetoa macho."

Kabula akamwambia kuwa aliyevunja chungu hasifiwi kwa kuokota vigae.

"Kweli, dada," Shigela akajibu. "Ila ndoo yako ya maji ilikuwa ikipita wapi kila siku?"

Kabula akatazama chini. Bibi Nshoma naye akakohoa, kwa maana fimbo yake pia ilikuwa imezoea kupita pengoni.

Milembe alisimama kizingitini, mtoto kifuani. Jua lilikuwa linashuka, na jina halitolewi gizani. Mikono sita ikanyooshwa kwake. Wawili walimtazama mtoto. Mmoja aligeuza uso kule kilio kilikotoka.

Nanyi mnaosikiliza, jua halisubiri: mngekuwa Milembe, mngemweka mtoto mikononi mwa nani?